Mawe Matatu Kabla ya Pandambili

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Miyuji, madereva mliopaki magari yenu huko barabarani ili mje kumzika mwenzenu, ndugu zetu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo, na ndugu zetu Waislamu, Asalaam alaykum. Mimi naitwa Anjelina Aloisi Gonda, mwalimu mstaafu, mdogo wake marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu Paskali kabla hatujaenda makaburini.

Ninazo karatasi za aina mbili mkononi. Za kwanza zimepigwa chapa vizuri, kurasa mbili, zimetokana na kikao cha familia cha juzi, chini ya uenyekiti wa kaka yetu mkubwa Cornel, na ndizo ambazo ratiba inasema nizisome. Za pili ni za daftari, kurasa nne, kwa mwandiko wangu, niliziandika tarehe 2 Juni mwaka huu wa 2025 pembeni ya kitanda cha marehemu, yeye akisema na mimi nikiandika, na mwisho akaweka sahihi yake mbele ya binti yake Josephine, aliyekaa pale. Zinafanana karibu kila mahali, tarehe ni zilezile na watoto ni walewale, isipokuwa zile zilizopigwa chapa zina sentensi moja inayosema kwamba katika miaka thelathini ya udereva marehemu hakuwahi kusababisha ajali hata moja, na daftari linasema vingine.

Nitasoma daftari. Ndani yake limo jina la mtu mwingine, marehemu Abubakari Shaaban, ambaye kwa miaka karibu kumi na minne amesemwa kwamba alikufa amelewa, na mjane wake, Bi Zaitun, amekaa kiti cha mbele pamoja na binti yake Ikram, kwa sababu nilimwahidi kwamba jina hilo litasafishwa leo, kwa sauti, mbele za watu. Kaka Cornel, tumeongea juzi, tumeongea na jana, najua unavyojisikia, nakuomba kwa heshima zote uketi, na fundi wa kipaza sauti namwomba asiguse kitu mpaka nimalize.

Marehemu Paskali Aloisi Gonda alizaliwa tarehe 3 Aprili 1962 katika kijiji cha Farkwa, wilaya ya Kondoa kwa wakati ule, Chemba kwa sasa, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Aloisi Gonda na Mama Flaviana, ambao wote wametangulia, na alibatizwa mwezi Desemba mwaka huohuo. Nyumbani tuliongea Kisandawe, Kiswahili tulikikuta shuleni, na hadi uzee wake kaka yangu akikasirika au akiogopa alikuwa anarudi kwenye Kisandawe bila yeye mwenyewe kujua.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1971 hapohapo Farkwa, akamaliza la saba mwaka 1977, na nisiwadanganye, hakufaulu, ingawa hesabu alizijua kuliko mimi niliyekuja kuwa mwalimu, tatizo lake lilikuwa kwamba msimu wa asali ukifika alikuwa porini na baba, na mitihani haikusubiri asali. Mwaka 1978 walileta asali Dodoma kwa lori la misheni, akaiona kwa mara ya kwanza njia kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam, wakati huo vumbi tupu, akarudi nyumbani akatuambia kwamba amekiona kitu ambacho hakina mwisho. Baba alimjibu kwamba kina mwisho, kinaishia baharini, na Paskali akasema basi ataenda kuona.

Ilimchukua miaka. Tarehe 16 Julai 1984, barabara ile ilipokuwa ikitiwa lami, alipata kibarua cha kuchimba mitaro na kumwaga kokoto, akakaa kwenye mahema ya wajenzi hadi mwishoni mwa mwaka 1986, na katika maisha yake yote hakuna aliyesafiri naye kuelekea Morogoro bila kuonyeshwa mahali ambapo kokoto zake zipo chini ya lami, hata kama umesinzia atakuamsha. Mwaka 1987 aliingia kwenye lori la tajiri mmoja wa nafaka wa Majengo akiwa utingo, na tarehe 9 Mei 1994 alipata leseni ya magari makubwa, akakabidhiwa usukani, usukani ambao hakuuachia mpaka mwezi Machi 2024, mwili ulipokataa. Bahari aliyoahidi kwenda kuiona aliiona mara nyingi kupitia geti la bandari, akiwa kwenye foleni, na alisema haikuwa na maana kubwa kwake, maana alichokipenda ni njia yenyewe.

Tarehe 29 Septemba 1990 alifunga ndoa takatifu na Sidonia, katika kanisa la Farkwa, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Edward, aliyezaliwa tarehe 20 Novemba 1991, na Josephine, aliyezaliwa tarehe 8 Februari 1995, pamoja na wajukuu wanne. Edward alijua kutaja Mbande, Kibaigwa, Pandambili, Gairo, Dumila, kwa mpangilio, kabla hajajua kuhesabu hadi kumi, na leo hii yeye mwenyewe ni dereva wa barabara hiyohiyo. Nyumba hii mnayoiona waliijenga mwaka 2003, Sidonia akisimamia kila tofali kwa sababu mwenye nyumba alikuwa njiani, na wifi yangu atanisamehe nikisema kwamba kwa sehemu kubwa ya ndoa yao alimjua mume wake kwa mlio wa honi.

Hapa ndipo karatasi za kikao zinaposema hakuwahi kusababisha ajali, kisha zinataja cheti cha dereva mwangalifu alichopewa na umoja wa madereva wenzake mwaka 2017. Cheti hicho hakikuwahi kutundikwa kwenye ukuta wa nyumba hii, Sidonia alikitafuta miaka yote akidhani kimepotea, na wiki iliyopita Josephine alikikuta chini ya godoro kikiwa kimekunjwa mara nne. Sasa nasoma sababu.

Madereva mnaijua kazi hii kuliko mimi, lakini wapo hapa ambao hawaijui, naomba mnivumilie nieleze. Lori lenye mzigo likiharibika mlimani, halishikwi na breki peke yake, dereva na utingo wake wanatafuta mawe makubwa, wanayaweka nyuma ya matairi ili gari lisirudi, na huku nyuma wanakata matawi yenye majani wanayalaza barabarani ili anayekuja ajue kuna shida mbele. Gari likipona, linaondoka kwa kupanda mlima, mawe yanabaki palepale kwenye lami, na mtu wa kurudi nyuma kuyatoa ni utingo, yeye ndiye anayekimbia, anayasukuma mtaroni, anatupa matawi, kisha anakimbilia gari lililomsubiri juu. Ni desturi, haijaandikwa popote, na ninyi nyote mnajua kwamba kuna siku haifuatwi.

Tarehe 17 Agosti 2011, siku ya Jumatano, mwezi wa Ramadhani, marehemu aliondoka Dodoma na mzigo wa mashudu ya alizeti kwenda Dar es Salaam. Utingo wake alishuka Kibaigwa akiwa na homa kali, wakakubaliana abaki atibiwe, na kaka yangu akaendelea peke yake. Kwenye kimwinuko kilicho kabla ya kufika Pandambili, kama saa kumi alasiri, mpira wa upepo wa breki ulipasuka, akatafuta mawe matatu, akayaweka mwenyewe, akakata matawi mwenyewe, akaufunga ule mpira kwa kadiri alivyoweza, na ilipofika saa kumi na mbili na dakika chache jioni gari likawa tayari kuondoka.

Akaondoka. Daftari linasema hivi, na nasoma neno kwa neno, kwamba alipofika juu ya mlima alijua mawe yako nyuma, hakusahau, asitokee mtu wa kusema alisahau. Nyuma yake kulikuwa na basi linapiga honi, pembeni hapakuwa na mahali pa kuegesha, aliogopa kwamba akisimama tena ule mpira utaachia, akajisemea kwamba atasimama Pandambili apate pikipiki ya kumrudisha. Pandambili akaipita, akasema Gairo. Gairo akapaki, akala, akapanda kitandani ndani ya gari, akalala.

Saa kumi na moja alfajiri alikuwa macho, na kitu cha kwanza kilichomjia kichwani ni yale mawe. Alipanda Noah ya kwanza ya abiria inayoelekea Kibaigwa, akashuka juu ya kile kimwinuko kunapambazuka, akateremka kwa miguu. Jiwe la kwanza alilikuta mahali pake, akalisukuma mtaroni, la pili vilevile, akatupa na matawi. La tatu halikuwa mahali pake, lilikuwa limesogea hatua kadhaa, na karibu yake kulikuwa na vioo vya taa vimevunjika, na alipoinua macho akaona pikipiki imelala ng'ambo ya mtaro, kwenye nyasi, ambako magari yaliyopita usiku mzima yasingeweza kuiona, na mita chache kutoka kwenye pikipiki akamwona mtu.

Alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa kanzu na koti juu yake, mwili ulikuwa umeshapoa. Kando yake palikuwa na mfuko wa plastiki na tende zimemwagika kwenye nyasi.

Naona watu wamesimama huko nyuma. Mkitaka kusimama simameni, sitaacha kusoma.

Kaka yangu hakuita mtu. Alilinyanyua lile jiwe la tatu, jiwe ambalo jana yake alilibeba kwa shida, akashuka nalo mpaka kwenye kalavati, akaliweka ndani ambako hakuna atakayeliona, akaokota vioo vya taa kimoja kimoja, akavitia mfukoni, akasimama upande wa pili wa barabara akisubiri gari la kumrudisha Gairo. Alipopata gari jua lilikuwa limeshatoka. Mwili ulikutwa saa moja na nusu asubuhi na wachungaji wa mbuzi, na waliofika pale waliona barabara iliyonyooka, lami kavu, hakuna shimo, hakuna jiwe, hakuna alama ya gari lingine, wakatazamana wakiulizana mtu mzima anaangukaje mahali kama pale, na mmoja akasema, atakuwa alikuwa amekunywa.

Aliyesema hivyo hatumjui, na pengine hata yeye hakukusudia. Ila neno hilo lilifika Pandambili kabla ya mwili. Abubakari Shaaban alikuwa mwenyeji wa Kolo kule Kondoa, alikuwa akinunua mahindi soko la Kibaigwa, na jioni alifundisha watoto Kurani katika madrasa ndogo aliyoijenga pembeni ya nyumba yake, na mtu wa namna hiyo akisemwa kwamba alikufa amelewa, tena ndani ya Ramadhani, hakuna anayelipokea nusu, wapo wanaokataa kabisa na wapo wanaoamini kabisa. Wazazi waliwatoa watoto madrasa wiki ileile. Hitima ya arobaini ilihudhuriwa na watu kumi na mmoja, Bi Zaitun aliniambia jana idadi hiyo bila kufikiri. Mwaka 2013 aliuza nyumba akahamia Dodoma, akafungua kibanda cha nafaka Majengo, ambapo hakuna aliyemjua, na mwaka 2021 posa ya Ikram ilivunjika baada ya upande wa muoaji kwenda Pandambili kuuliza habari za baba yake.

Marehemu aliyajua yote haya isipokuwa posa. Jina la Abubakari alilisikia Kibaigwa siku ya tatu, na tetesi za pombe alizisikia siku hiyohiyo, kwenye mgahawa, akiwa na kijiko mkononi. Alikuwa mtu pekee duniani aliyekuwa na hakika kwamba ni uongo, naye akamaliza kula, akalipa, akapanda gari. Nilipofika hapo kuandika nilimwuliza kwa nini, nikamwuliza kwa ukali, maana nilikuwa nimekasirika na bado nimekasirika, na alinijibu neno moja, aliogopa. Aliogopa jela, aliogopa kupoteza leseni, aliogopa macho ya Sidonia, na kila mwaka uliopita ukaongeza woga wake, kwa sababu mwaka wa kwanza angekuwa na jiwe la kueleza, lakini mwaka wa tano angekuwa na jiwe na miaka mitano.

Madereva mliokuwa mkimwita Baba Mawe, sasa mnajua. Mlicheka kwamba mzee anasimamisha semitrela nzima kwa sababu ya jiwe moja la wenzake, anawasha taa za hatari, anashuka na tumbo lake, analisukuma mtaroni, anapanda tena akihema, mkampa cheti kwa ajili hiyo, na akakipokea kwa mikono miwili kwa sababu hakujua namna ya kukataa. Nilimwuliza kama kutoa mawe ya watu wengine kulimpunguzia mzigo, akasema hapana, hata kidogo, ila angefanya nini.

Mwaka 2014 alimpata Bi Zaitun hapo Majengo, kwa kuulizia taratibu, na tangu hapo magunia yake kutoka Kibaigwa yalikuja kwenye gari la kaka yangu, naye Bi Zaitun akamjua kwa jina la Baba Edward, mtu mwema wa Miyuji. Mara nyingi alikwenda pale kibandani kwa nia ya kusema. Anafika, anasalimia, anaulizwa anataka nini, anasema mtama, anarudi nyumbani na mtama, mpaka siku moja wifi yangu Sidonia alimwuliza mbele yangu kama ameanza kufuga njiwa. Tulicheka sana siku ile, yeye pia alicheka.

Afya yake ilianza kuyumba mwaka 2019 kwa ugonjwa wa kisukari, mwezi Machi 2024 aliacha kazi, mwezi Januari mwaka huu figo zikaanza kushindwa, akawa mtu wa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na tarehe 30 Mei alilazwa kwa mara ya mwisho. Siku tatu baadaye alimtuma Josephine aje kuniita na daftari. Wodi ilikuwa imejaa, akanisimulia kwa Kisandawe ili wagonjwa wa vitanda vya jirani wasielewe, nami nikaandika kwa Kiswahili, hivyo kama kuna neno limepungua, limepungua mkononi kwangu. Alisema tu, "Anjelina, andika nilivyosema, usinipambe, na uisome mwenyewe, Cornel atanionea huruma." Alifariki tarehe 11 Juni 2025, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Na kweli kaka Cornel alimwonea huruma, simlaumu. Kwenye kikao alisema, "Mwalimu, marehemu hasemwi," na wengi waliitikia kwa vichwa, na hofu zao zilikuwa za haki, kwamba Edward anaendesha barabara ileile, kwamba mjane ataishi na macho ya majirani, kwamba polisi wanaweza kuja. Nilimjibu kaka kwamba Abubakari naye ni marehemu, na amesemwa miaka yote hii, na kikao kikavunjika bila maji ya kunywa. Jana asubuhi Edward alikuja nyumbani kwangu, akaketi mlangoni, akasema, "Shangazi, soma. Na mimi nimewahi kuyaacha mawe." Edward, baba, nakuomba radhi kwa kulisema hilo hapa, ila wako wengi hapa walioinamisha vichwa sasa hivi, hauko peke yako.

Jana mchana nilikwenda Majengo. Nisingeweza kumwacha Bi Zaitun aje hapa kumlilia Baba Edward, akate vitunguu na wanawake wenzake, kisha ayasikie haya kwenye kipaza sauti. Nilimsomea kurasa zote nne, nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuniambia niketi. Nilipomaliza alikuwa amekwisha kufunga gunia alilokuwa akilifunga. Aliniuliza swali moja tu, kama ule mfuko wa tende ulikuwa umefunguliwa.

Sikuwa nimeelewa. Nilirudi kwenye daftari, nikatafuta, na kaka yangu alikuwa ameliona hata hilo, aliliona na alilikumbuka kwa miaka yote, nami niliandika bila kulitilia maanani, kwamba mfuko ulikuwa umefungwa fundo juu, fundo lilikuwa bado limefungwa, uliopasuka ni ubavu. Nikamsomea. Bi Zaitun akakaa chini juu ya lile gunia, akasema, "Basi alikufa na saumu yake." Alilisema mara mbili, la pili akimwambia Ikram.

Nilimwomba msamaha kwa niaba ya ukoo wa Gonda, na ni vizuri mjue alichonijibu, ili asitokee mtu wa kuondoka hapa akisema mambo yamekwisha. Alisema kuhusu msamaha hajui, asiulizwe jana wala leo, lakini mume wake alisemwa mbele za watu, na asafishwe mbele za watu, na kwamba kama nitasoma atakuja na mwanawe, na kama sitasoma tusimtegemee. Amekuja. Ameketi pale tangu saa tatu, hajala chakula chetu, na ana haki ya kutokula.

Basi nasema sasa, mimi Anjelina, kwa sahihi ya kaka yangu iliyo chini ya ukurasa huu wa nne. Abubakari Shaaban hakuwa amelewa. Alikuwa amefunga, alikuwa anawahi kufuturu na mke wake na mtoto wake, aligonga jiwe lililowekwa na kuachwa na Paskali Aloisi Gonda, na barabara ilionekana safi kwa sababu Paskali aliisafisha kabla watu hawajafika. Wenyeji wa Pandambili na Kibaigwa mliopo hapa, mkirudi leo, lisemeni hilo kwa wote waliowahi kusikia lile lingine, na msingoje kuulizwa. Baada ya maziko, mimi na Josephine tutalipeleka daftari hili kwenye kituo cha polisi kilichoandika taarifa ya ajali ile, ili taarifa irekebishwe, na kama kuna la kufuata, litufuate sisi tulio hai.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu kwa uvumilivu, hasa wale wa kitengo cha figo, waliomzoea hadi kumtania. Tunawashukuru majirani wa Miyuji kwa maturubai, viti, kuni na maji, jumuiya ndogondogo kwa sala za kila jioni, Baba Paroko, ambaye kama alishayasikia haya kwenye kitubio hilo ni lake na marehemu na Mungu, pamoja na mwajiri wake na madereva wenzake mliosimamisha safari zenu. Tunamshukuru kaka Cornel, ambaye angeweza kuninyang'anya kipaza sauti na hakufanya hivyo. Tunamshukuru Sidonia, ambaye hakuwepo kikaoni, aliyeyasikia haya kwa mara ya kwanza jana jioni, na leo asubuhi akaamka akamvalisha mume wake suti kwa mikono yake mwenyewe.

Na kwa Bi Zaitun na Ikram, familia haina shukrani ya kuwapa, ina deni la heshima, na kiti mlichokalia hapa mbele ni chenu siku zote mtakapotaka, na siku msipotaka pia tutaelewa.

Abubakari Shaaban, mwalimu wa madrasa, uliyekufa umefunga, na akili zako timamu, ukiwahi nyumbani, pumzika kwa amani. Na wewe Paskali, mtoto wa mama yangu, uliyemwona pale na ukamwacha, huna tena unachokificha, nawe pumzika.